Shangazi, upasuaji wa kupunguza tumbo ni salama?

Binti wa kaka yangu alinipigia simu jioni moja mwezi uliopita, na baada ya salamu ndefu zilizonionyesha kwamba kuna jambo analizungukazunguka, akauliza, "Shangazi, ule upasuaji wako ni salama?" Nilifungua mdomo nijibu ndiyo, nikasita. Nilifanyiwa upasuaji huo miaka minne iliyopita, niko hai, napanda ngazi bila kusimama katikati kuhema, na kwa kipimo hicho jibu ni ndiyo. Lakini wakati huohuo nilikuwa nimeegemea mito mitatu kwa sababu ya kiungulia, na kando ya kitanda palikuwa na kichupa cha vitamini ambacho sitakiacha maisha yangu yote. Nikamwambia nitamwandikia. Nilichomwandikia kilirefuka kuliko nilivyokusudia, nami nimekiweka hapa, nikipunguza mambo ya kifamilia, kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza.

Kwanza niondoe mkanganyiko ambao nimekutana nao mara nyingi mno. Huu si upasuaji wa kukata kitambi, wala si ule wa kunyonya mafuta. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hayaguswi. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula wenyewe, kiungo kizima kisicho na ugonjwa wowote, na ndiyo maana daktari aliyenifanyia hakukubali kunipa fomu ya kutia saini kabla ya kunichorea picha. Aligeuza karatasi ya majibu ya maabara, akachora kitu kama harage kubwa, akaweka alama sentimita chache kutoka kwenye mlango ambao chakula hupitia kuingia utumbo mwembamba, kisha akavuta mstari kutoka pale hadi juu, karibu na mahali umio unapoungana na mfuko. Upande wa kushoto wa mstari, ule uliovimba, akaupaka wino wote. "Huu unatoka," akasema. "Asilimia sabini na tano hadi themanini ya mfuko wako. Haurudi tena." Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa bomba jembamba lililopinda kidogo, mfano wa mkono wa shati, na jina la kitaalamu la upasuaji huu limetokana na mfano huo. Wauguzi wodini waliuita slivu tu, nami nitauita hivyo.

Kazi yote hufanywa kupitia matundu madogo ya tumboni, kwa kamera na vifaa virefu, mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa. Bomba laini lenye unene wa kidole hivi hupitishwa mdomoni hadi ndani ya mfuko wa chakula ili liwe kipimo cha upana wa kile kitakachobaki, kisha stepla maalumu hukata na kubana kwa wakati mmoja, ikiacha safu za pini ndogo za chuma kutoka chini hadi juu. Kipande kilichokatwa hutolewa kupitia tundu mojawapo. Utumbo haukatwi wala haubadilishiwi njia, na hapo ndipo slivu inapotofautiana na baipasi, ambapo daktari hutengeneza kifuko kidogo juu kabisa na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kikapita pembeni ya sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo mwembamba.

Watu wengi hudhani siri ya upasuaji huu ni udogo wa mfuko tu, kwamba mtu hula kidogo kwa kuwa hana nafasi. Nafasi ni sehemu ya jambo, lakini ile sehemu ya juu iliyovimba, inayotupwa, ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni iitwayo grelini, ambayo hupeleka ubongoni ujumbe wa njaa. Homoni hiyo iligunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Baada ya upasuaji kiwango chake hushuka sana, na wakati huohuo chakula hufika utumboni haraka zaidi, jambo linaloamsha homoni za shibe, mojawapo ikiwa ileile inayoigwa na sindano za kupunguza uzito zinazozungumzwa siku hizi. Mimi niliyeishi miaka thelathini nikiamini kwamba njaa yangu ni udhaifu wa tabia, nilikaa wiki ya tatu baada ya upasuaji nikitazama saa na kushangaa kwamba imefika saa nane mchana na sijakumbuka chakula. Sijui kama nililia kwa furaha au kwa hasira ya miaka niliyojilaumu.

Inafaa kujua pia kwamba slivu haikubuniwa ili isimame peke yake. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya upasuaji mkubwa zaidi uliohusisha pia kugeuza njia ya utumbo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari Michel Gagner, akiwa New York, alianza kufanya upasuaji huo mkubwa kwa njia ya matundu, na kwa kuwa wagonjwa wenye uzito mkubwa kupindukia walikuwa katika hatari kubwa wakikaa muda mrefu kwenye meza ya upasuaji, ukagawanywa mara mbili: slivu kwanza, utumbo baadaye mgonjwa akishapungua. Ikaonekana kwamba baadhi yao walipungua vya kutosha na hawakuhitaji kurudi. Leo slivu ndiyo inayofanywa kwa wingi kuliko upasuaji mwingine wowote wa kupunguza uzito duniani. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza kwa nini takwimu zake za miaka mingi zimechelewa. Ule utafiti maarufu wa Sweden ulioanza mwaka 1987, ambao hutajwa kila mara kuthibitisha kwamba upasuaji wa uzito hurefusha maisha, ulihusu aina za zamani za upasuaji. Ukimsikia mtu anautumia kukuuzia slivu, mwulize.

Sasa nije kwenye siku yenyewe ya upasuaji, maana ndiyo anayoiogopa kila mtu. Katika hospitali zenye uzoefu, vifo ndani ya siku 30 za mwanzo ni kama mtu mmoja kwa kila 1,000 au pungufu, kiwango kinachokaribiana na cha kuondoa kibofu cha nyongo, upasuaji ambao hakuna anayeuogopa kwa kiasi hicho. Nasisitiza maneno "zenye uzoefu". Takwimu hizo zimetoka mahali ambapo timu hufanya upasuaji huu wiki baada ya wiki, pana chumba cha uangalizi maalumu, pana mashine ya CT, ya kupiga picha za ndani ya mwili, hata usiku wa manane, na mgonjwa amechunguzwa moyo, mapafu na usingizi kabla ya kulazwa. Mtu mwenye umri mkubwa, mwenye uzito uliopita kiasi sana, anayekatika pumzi akilala na hajatibiwa, au anayevuta sigara, haingii katika hesabu hiyo kwa urahisi. Mimi niliambiwa nile chakula cha nishati ndogo kwa wiki mbili kabla ya upasuaji ili ini, ambalo lilikuwa limejaa mafuta, lisinyae na kumwachia daktari nafasi ya kuona. Nililichukulia kama adhabu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ini kubwa hufunika hasa pale juu ambapo kosa dogo lina gharama kubwa.

Pale juu ndipo panapovuja. Kuvuja kwa mstari wa stepla hutokea kwa takriban mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100, na mara nyingi ni karibu na makutano ya umio na mfuko, kwa kuwa bomba lililobaki lina shinikizo kubwa ndani yake na sehemu ile haina damu nyingi. Tabia yake mbaya ni kwamba mara nyingi haijitokezi mgonjwa akiwa wodini. Huja siku ya tano, ya saba, hata ya kumi na kuendelea, mtu akiwa kwake, watu wamekuja kumwona, naye anajikaza asionekane mdekezi. Mapigo ya moyo yanayokwenda kasi bila sababu, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, maumivu ya bega la kushoto, kupumua kwa shida: hayo si mambo ya kusubiri asubuhi. Kutokwa damu ni tatizo jingine, nalo pia ni la mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100, na huonekana mapema zaidi. Damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na donge kusafiri hadi mapafuni, ni nadra lakini ni mojawapo ya sababu kuu za vifo baada ya upasuaji huu, na hatari hiyo huendelea kwa wiki kadhaa mtu akiwa amesharuhusiwa. Ndiyo maana muuguzi aliniinua kitandani jioni ileile, nikiwa bado nimelewa dawa, akaniambia, "Mama, tutembee mpaka dirishani," na ndiyo maana nilipewa sindano za kuzuia damu kuganda nikaondoka nazo.

Kilichonipata mimi hakikuwa lolote kati ya hayo, bali ni jambo la kawaida ambalo hurudisha watu wengi hospitalini: upungufu wa maji. Niliruhusiwa siku ya pili na karatasi iliyosema ninywe maji ya kutosha. Ya kutosha kiasi gani, kwa chombo gani, kila baada ya muda gani, haikusema. Tundu la mfuko wangu lilikuwa limevimba, kila funda la maji lilisimama kifuani kama jiwe, kwa hiyo nikawa nanywa nilichoweza, na nilichoweza kilikuwa kama kikombe kimoja kwa siku. Siku ya tano niliinuka kwenda chooni nikaona giza. Dada yangu alinishika mkono akahesabu mapigo kwa saa ya ukutani, akafika 118, akaita gari.

Sitaitaja hospitali, na kwa upande mwingine nina deni la shukrani kwa waliokuwa zamu usiku ule, kwa sababu hawakusema "ni maji tu". Walinipeleka kwenye kipimo cha CT kwanza kuhakikisha hakuna mahali panapovuja, wakanipa vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari, kwa kuwa mtu aliyetapika na kukosa chakula kwa siku kadhaa akimwagiwa sukari bila vitamini hiyo anaweza kudhurika ubongo, kisha wakanirudishia maji kwa utaratibu. Asubuhi mtaalamu wa lishe alikuja na kikombe kidogo cha plastiki, cha kupimia dawa, chenye alama ya mililita 30. Akakijaza, akanipa, akaniambia nikimalize kwa robo saa, si kwa funda moja. Kisha kingine. Nilihesabu vikombe kwa vijiti nilivyochora kwenye karatasi, kama mtu anayehesabu magunia, na nilipofika vijiti hamsini kwa siku, yaani lita moja na nusu, akaniruhusu niondoke. Kikombe kile ninacho mpaka leo. Laiti ningepewa siku ya kwanza.

Tuseme basi siku 30 zimepita salama, kama zinavyopita kwa walio wengi. Linalofuata ni swali la matokeo, na hapa inabidi kuwa macho na hesabu. Utasikia kwamba slivu huondoa asilimia 60 ya uzito. Asilimia 60 ya nini? Mimi nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa mita 1.66. Uzito unaohesabiwa kuwa wa juu kabisa katika afya kwa urefu huo ni kama kilo 69, kwa hiyo uzito wangu wa ziada ulikuwa kilo 59. Nilipofika chini kabisa, mwezi wa kumi na nne, nilikuwa na kilo 91. Nilikuwa nimepoteza kilo 37, ambazo ni asilimia 63 ya uzito wa ziada, lakini ni asilimia 29 tu ya uzito wangu wote. Hesabu zote mbili ni za kweli. Anayetaka kukuvutia atatumia ya kwanza, na wewe utaondoka ukidhani utabaki nusu ya mtu uliyekuwa. Sikuwahi kuwa mwembamba. Kwa kipimo cha uwiano wa uzito na urefu bado nilikuwa upande wa unene, na leo, baada ya kilo tano kurudi, nina 96.

Hizo kilo tano zilinitesa moyo hadi nilipojua kwamba kurudi kiasi ni jambo la kawaida. Wengi hupungua kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, uzito ukasimama, kisha ukapanda kidogo miaka inayofuata. Wafini walifuatilia wagonjwa 240, nusu wakifanyiwa slivu na nusu baipasi kwa kupangwa kwa kura, na baada ya miaka mitano waliofanyiwa slivu walikuwa wamepoteza kwa wastani asilimia 49 ya uzito wa ziada, wa baipasi asilimia 57. Katika taarifa yao ya miaka kumi, iliyotoka mwaka 2022, slivu ilikuwa imeshuka hadi kama asilimia 44 na baipasi kama 51. Waswisi nao walifanya jaribio linalofanana, la wagonjwa 217, wakaona kwamba katika mwaka wa tano tofauti ya uzito kati ya aina hizo mbili haikuwa kubwa kiasi cha kutenganishwa na bahati. Kwa hiyo baipasi hutangulia kidogo, slivu hufuata karibu, na zote huacha sehemu kubwa ya matokeo mikononi mwa miaka inayofuata. Njaa yangu yenyewe ilirudi mwaka wa pili, si kwa ukali wa zamani, ila ilibisha hodi. Chakula laini na kitamu hupita kwenye bomba hili bila kizuizi chochote, na mtu anaweza kunywa nishati ya siku nzima kwa glasi huku mfuko wake ukiwa mdogo kama siku ya kwanza.

Kisukari ndicho kilichonipeleka kwa daktari tangu mwanzo, zaidi ya uzito. Nilikuwa nacho kwa miaka mitatu, aina ya pili, natumia vidonge bila sindano. Vidonge vilisitishwa wiki ileile ya upasuaji, na jambo hili linahitaji daktari hasa, kwa sababu mtu anayeendelea na dozi yake ya zamani ya insulini au ya baadhi ya vidonge vya sukari, na hali chakula kimeshuka ghafla, anaweza kuporomoka sukari akazimia. Dawa ya presha nayo ilipunguzwa mwezi wa pili. Kwa miaka minne sukari yangu imekaa chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa, ingawa kipimo cha wastani wa miezi mitatu kimepanda kidogo mwaka huu, na daktari hatumii neno kupona, husema kimelala. Katika jaribio la Cleveland nchini Marekani, lililohusu wagonjwa 150 wenye kisukari, wengi wao kikiwa cha miaka mingi, waliofikia lengo kali la sukari baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 5 kwa waliotumia dawa peke yake, 23 kwa slivu na 29 kwa baipasi. Namba hizo zinaonyesha pande mbili kwa pamoja: upasuaji uliwashinda wenye dawa tupu kwa mbali, na hata hivyo walio wengi hawakufika. Kadiri kisukari kinavyokuwa kichanga, na kadiri kongosho linavyokuwa na nguvu iliyobaki, ndivyo nafasi inavyokuwa nzuri. Anayesubiri miaka kumi ili aone kwanza, anapoteza kitu anaposubiri.

Na sasa kiungulia, jambo ambalo laiti ningelisikia kwa sauti kubwa zaidi nilipokuwa nachorewa lile harage. Slivu hugeuza mfuko mpana unaotanuka kuwa bomba lenye shinikizo, na hukata karibu na pale ambapo mwili una kizuizi chake cha asili dhidi ya tindikali kupanda. Kwa baadhi ya watu kupungua uzito hupunguza kiungulia; kwa wengine bomba hilo hukileta au hukizidisha. Waswisi waliona kwamba kati ya waliokuwa na tatizo hilo tangu mwanzo, lilizidi kwa karibu asilimia 32 ya wa slivu, na kwa asilimia 6 tu ya wa baipasi. Wafini, walipowaangalia wagonjwa wao kwa endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni, baada ya miaka kumi, walikuta umio uliochubuliwa na tindikali kwa asilimia 31 ya wa slivu dhidi ya 7 ya wa baipasi. Mabadiliko ya seli yaitwayo umio wa Barrett, yale ambayo hufuatiliwa kwa hofu ya saratani, yalikuwa asilimia 4 pande zote mbili, na hilo liliwapunguzia wengi wasiwasi.

Kwangu kilianza mwaka wa pili. Usiku maji machungu yalipanda hadi kooni, nikaamka nakohoa, nikadhani ni mafua. Nilifanya kosa la kunywa dawa za kutuliza za kununua mwenyewe kwa miezi minane kabla ya kusema kliniki. Endoskopi ilionyesha michubuko. Tangu hapo natumia kidonge cha kupunguza tindikali kila asubuhi, sili chochote ndani ya saa tatu za mwisho kabla ya kulala, nalala nimeinuliwa, na kwa siku nyingi hali ni shwari. Zile jioni za mito mitatu ni siku nilizokiuka. Ikishindikana, njia iliyopo ni kubadilisha slivu kuwa baipasi, upasuaji wa pili, wenye hatari zake, na daktari ameshalitaja mara moja kwa upole.

Mengine nitayapitia haraka. Nywele zilitoka kwa mikupuo mwezi wa nne, nikawa naogopa kichana. Zilirudi kufikia mwisho wa mwaka, kama zinavyorudi kwa wengi pale protini inapofikia gramu 60 na zaidi kwa siku. Kupungua kwa kasi huzaa mawe kwenye kibofu cha nyongo, na baadhi ya hospitali hutoa dawa ya kuyazuia kwa miezi sita. Vitamini B12, madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini D hupungua polepole, kwa kuwa mfuko uliobaki hautengenezi vya kutosha vile vinavyosaidia kuvifyonza na mtu mwenyewe anakula kidogo, hivyo vidonge ni vya maisha na damu hupimwa kila mwaka. Pombe hupanda kichwani haraka kuliko zamani. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na hapa pana mtego, kwa kuwa uzito ukipungua, hedhi iliyokuwa imepotea hurudi, na mimba huja kwa mtu aliyeamini kwamba hazai. Ngozi iliyolegea ipo, hairudi yenyewe, na sikujua kwamba ingenikera kiasi hiki.

Mpwa wangu alikuwa na swali jingine la haki: kwa nini asitumie zile sindano za kupunguza uzito? Zamani mwongozo uliotumika sana wa nani afanyiwe upasuaji, wa mwaka 1991, ulitaka uwiano wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo ukizigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ufike 40, au 35 pamoja na magonjwa. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vilishusha hadi 35 bila sharti la ugonjwa, na 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari. Mlango umepanuka wakati uleule ambapo dawa zimekuwa na nguvu. Semaglutaidi, mojawapo ya sindano hizo, katika jaribio lake kuu ilipunguza kwa wastani asilimia 15 ya uzito wote katika wiki 68, na tirzepataidi, sindano nyingine, kwa dozi kubwa kama asilimia 21 katika wiki 72. Slivu kwa mwaka mmoja hadi miwili hufika 25 hadi 30. Sindano zikisimamishwa uzito hurudi kwa sehemu kubwa; mfuko uliokatwa haurudi, kwa heri na kwa shari. Mwenye uwiano wa 32 asiye na kisukari, mimi ningemwambia aanze na dawa. Mwenye 46, kama nilivyokuwa, na sukari inapanda, ningemwambia asiogope chumba cha upasuaji kuliko anavyouogopa ugonjwa wake. Lakini mimi si daktari, na mpwa wangu yuko katikati.

Nilimwambia aende na maswali manne tu: daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi na anayevuja hutibiwa wapi, nani atajibu simu siku ya tano usiku, kliniki itamfuatilia kwa miaka mingapi, na je, atapigwa endoskopi kabla. La mwisho nililikazia kwa sababu alikuwa ametaja, kama jambo dogo, kwamba hulala na vidonge vya kiungulia chini ya mto.

Jana alinipigia. Endoskopi imeonyesha umio uliokwisha kuchubuka na sehemu ya mfuko iliyopanda juu ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na daktari amemshauri aache slivu, afikirie baipasi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Shangazi, na hiyo baipasi ni salama?" Nikamwambia huko mimi si mwenyeji, ila nina kikombe cha mililita 30 ambacho nitampelekea.